Senene, Kamba na Mende wa Jikoni Kwangu

Novemba iliyopita mama yangu alinitumia senene. Ndivyo afanyavyo kila mwaka tangu nilipohamia Dar es Salaam. Msimu ukifika, majirani zake wa Kamachumu wakishawasha taa zao na kusimamisha mabati, yeye hununua sado mbili au tatu, huwanyonyoa mbawa na miguu, huwakaanga kwa chumvi na kitunguu, huwaacha wapoe, kisha huwafunga kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko na kumkabidhi kondakta wa basi. Mimi huipokea ndoo hiyo Stendi ya Magufuli, kule Mbezi Luis, na kabla sijafika nyumbani Boko huwa nimekwisha kutafuna viganja viwili peke yangu katika foleni. Sioni haya kulisema. Muhaya aliyekaa Dar es Salaam miaka ishirini hana vithibitisho vingi vya Uhaya wake vilivyobaki.

Usiku ule nilimwita mwanangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka tisa. Huyu ni mtoto wa Kinondoni. Kihaya chake hakizidi salamu mbili, na miaka yote amekuwa akiwakataa senene kwa hoja kwamba wana macho. Safari hii alikubali, nadhani kwa kunionea huruma. Alikula wanne, akasema kumbe ni watamu, akaongeza kiganja.

Haikupita robo saa akaanza kujikuna shingo. Mke wangu alidhani ni mbu. Kisha midomo ikaanza kuvimba, mabaka yakainuka tumboni na mgongoni, akatapika, sauti ikawa nzito. Halafu akaniambia maneno ambayo bado nayasikia ninapokuwa peke yangu darasani nikisubiri wanafunzi: "Baba, koo limekuwa dogo."

Tulimkimbiza kwenye zahanati iliyo karibu. Mke wangu, kwa hofu na kwa kutaka tuhudumiwe haraka, alinitambulisha mapokezi kwa cheo: "Huyu ni Daktari." Muuguzi wa zamu, binti aliyekuwa peke yake usiku ule, akanigeukia kwa uso uliojaa matumaini na kuniuliza, "Dokta, tuanze na ipi?" Ilinibidi nimjibu kwamba udaktari wangu ni wa sosholojia. Nimeandika tasnifu ya kurasa zaidi ya mia tatu, nimeitetea mbele ya jopo, nimepigiwa makofi. Sijawahi kuiona nyepesi kama nilivyoiona pale mapokezi.

Binti yule aliijua dawa inayotakiwa, akaitaja kwa jina: adrenalini. Ilikuwamo katika kabati la dharura. Kabati lilikuwa limefungwa, ufunguo alikuwa nao mganga mfawidhi, na mganga mfawidhi alikuwa amekwisha kwenda kwake. Muuguzi akampigia simu, huku akimpa mtoto hewa na sindano ya aina nyingine aliyokuwa nayo mkononi. Ufunguo ulifika kwa bodaboda. Sindano ikaingia pajani, na katika dakika chache nikamwona mwanangu akirudi: kwanza pumzi, kisha sauti, kisha ile hasira halali ya mtoto aliyechomwa sindano. Sitaitaja zahanati hiyo. Siamini kwamba ni yake peke yake yenye kabati la namna hiyo, na muuguzi yule alifanya yote yaliyo ndani ya uwezo wake. Tulihamishiwa hospitali kubwa tukalala huko, maana hali ya namna hii huweza kurudi saa kadhaa baada ya mgonjwa kuonekana amepona.

Asubuhi alikuja daktari wa watoto, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za senene tangu shambani hadi kikaangoni. Hakuniuliza kuhusu senene. Aliuliza: "Amewahi kudhurika na kamba?"

Nikakumbuka. Miaka miwili nyuma, siku ya Jumapili, nilinunua kamba pale Kunduchi Mtongani, wabichi kabisa, bado wanarukaruka. Mtoto alikula, midomo ikamwasha, akatapika, akalala. Tukasema kamba wale walikuwa wameoza, ingawa sisi wengine wanne tuliwala wale wale na hatukupata lolote. Tangu siku ile hakuwagusa tena, na jambo likaishia hapo.

"Ana pumu?" Anayo, tangu ana miaka mitatu. "Nyumbani kuna mende?" Mke wangu akatazama sakafu. Ndugu msomaji, sijui nyumba ya Dar es Salaam isiyo na mende, lakini sijui pia mama mwenye nyumba atakayekiri jambo hilo mbele ya daktari. Nikajibu mimi: wapo.

Yule daktari akaandika maneno matatu kwenye karatasi, moja chini ya jingine: mende, kamba, senene. Akayazungushia duara.

Hapa sina budi kuungama jambo. Habari ya mizio inayoitana, ile ambayo wataalamu wetu huiita mwitikio mtambuka, haikuwa ngeni kwangu hata kidogo. Nilikuwa nimeisoma kwa mwili wangu mwenyewe, ila katika nchi nyingine.

Nilisomea shahada ya uzamivu Uppsala, Sweden. Mwaka wa kwanza niliisifu majira yao ya kuchipua kama mgeni yeyote. Mwaka wa tatu, theluji ilipoyeyuka na miti ya mbetula ikaanza kumwaga chavua yake ya manjano juu ya magari na madirisha, nilianza kupiga chafya mfululizo, macho yakavimba, nikalala nimekaa. Hayo yangetosha. Lakini katika wiki hizo hizo, kila nilipouma tufaha bichi, lile ambalo mitaani kwetu tunaliita epo, ulimi na kaakaa viliwasha kana kwamba nimelamba upupu. Tufaha lililopikwa halikunifanya kitu. Mwenzangu wa ofisini, Msweden, alinieleza kwa utulivu wa mtu anayetaja hali ya hewa kwamba nusu ya ukoo wao wako hivyo hivyo. Chavua ya mbetula ina protini fulani. Tufaha lina protini inayofanana nayo. Mwili ukishaichukia ya kwanza huidhania ya pili kuwa ni ile ile. Protini hiyo ni dhaifu, moto huivunja, na asidi ya tumbo huimaliza, ndiyo maana madhara yake kwa wengi huishia mdomoni.

Nilikuja kujua baadaye kwamba nilikuwa naishi katika mji wenye sifa katika historia ya elimu hiyo. Mwaka 1967 watafiti wa Uppsala, Gunnar Johansson na Hans Bennich, walieleza aina ya kingamwili ambayo haikuwa ikijulikana, wakati wenzao Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, walikuwa wameifikia kwa njia nyingine. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani liliipa jina la imunoglobulini E, IgE kwa kifupi. Hiyo ndiyo inayomkuna mtu wa mzio. Hujibanza juu ya chembe za mwili zilizobeba histamini na kungoja. Kile inachokikumbuka kikipita tena, chembe hupasua mzigo wake, na mtu huvimba, huwashwa, hukohoa, au hukosa pumzi.

Basi nilirudi nyumbani na shahada yangu na hadithi ya mbetula, ambayo nimeisimulia katika sherehe nyingi kwa kuwa inachekesha: Mhaya aliyeshindwa na mti. Nilijua undugu wa mti wa Sweden na tunda la Sweden. Sikuwahi kujiuliza hapa kwetu nani ni ndugu wa nani.

Undugu wenyewe ni huu. Kila mnyama mwenye misuli ana protini inayoitwa tropomiosini, inayousaidia msuli kukaza na kulegea. Ya ng'ombe na ya kuku inafanana mno na yetu, kwa hiyo ulinzi wa mwili huiona ni ya nyumbani na kuipita. Ya wadudu na ya wanyama wa baharini wenye gamba na miguu mingi ni tofauti na yetu, lakini baina yao inafanana sana: kamba, kamba-kochi, kaa, mende, panzi, senene, na wale utitiri wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mito yetu wakila ngozi tunayopukutisha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha kufahamika kwamba tropomiosini ndiyo mchochezi mkuu wa mzio wa kamba. Na hii si dhaifu kama ile ya tufaha. Ukiichemsha inabaki, ukiikaanga inabaki. Ndiyo maana mbetula ilinipa mwasho wa ulimi, na senene nusura wanipe msiba.

Mtoto wa Dar es Salaam huanza kukutana na tropomiosini kabla hajaota meno, bila kuila. Mende hufa nyuma ya friji, hukauka, husagika pamoja na kinyesi chake, vumbi lake huinuka mtu anapofagia, na mtoto hulivuta. Godoro lenye unyevu, katika mji ambao hewa yake ni jasho tupu, hufuga utitiri kwa mamilioni. Mtoto mwenye mwelekeo wa mzio hutengeneza kingamwili dhidi ya vumbi hilo, na kingamwili hizo hazijali kwamba kamba anatoka baharini na senene anatoka angani. Wanaofuatilia siasa wataitambua tabia hii: ni dola linalokamata watu kwa kufanana sura na mtuhumiwa.

Kuna utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ambao naupenda kwa usafi wake. Watafiti waliwapima Wayahudi washika dini, watu ambao kwa amri ya imani yao hawajala kamba maishani, wenye mzio wa utitiri wa vumbi. Katika damu ya baadhi yao walikuta kingamwili zinazoishambulia tropomiosini ya kamba. Hawakuwahi kumwonja, na miili yao ilikwisha kumkataa. Kwa upande wa wadudu, China imerekodi wagonjwa waliopata mshtuko wa mzio kwa kula nzige na panzi, ambao ni binamu wa senene.

Daktari wetu hakuniapia kwamba ni mende aliyetangulia. Huenda ni kamba wenyewe waliotangulia, huenda ni utitiri. Ila tangu siku ile siwezi kufungua kabati la jikoni usiku, taa ikamulika wale watatu wanaokimbilia nyuma ya jiko, bila kuwaza kwamba huenda hao ndio waliomfundisha mwanangu kukataa chakula cha babu zake.

Lililoniuma zaidi kuliko hospitali lilikuwa simu kwa mama. Nilimzungusha siku tatu. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema kwa Kihaya, taratibu, kwamba hajapata kusikia mtoto wa nyumba yetu akataliwe na senene; nilisikia katika sauti yake kwamba anadhani ametaka kumwua mjukuu wake. Nikaanza kumweleza habari za protini. Nilijisikia mjinga. Ndipo yeye mwenyewe akanikatiza na kuuliza: "Kwa hiyo senene ni omuziro wake?"

Kwa asiyejua: omuziro, katika Kihaya na lugha jirani za ukanda wa Maziwa Makuu, ni kile ambacho ukoo hauruhusiwi kukila wala kukidhuru, awe mnyama, samaki au mdudu. Majirani zetu Baganda wana ukoo mzima uitwao Nsenene, nao hawali senene, maana ndio muziro wao. Watu wa falme tofauti, wasiojuana kwa sura, wakigundua kwamba wana muziro mmoja huitana ndugu. Nilipokuwa mdogo nilitishwa kwamba anayevunja mwiko huo atatokwa na upele mwili mzima.

Nilikaa na swali la mama baada ya kukata simu. Omuziro wa Kihaya na mzio wa Kiswahili ni neno moja; Kiswahili kimeimeza ile sauti ya katikati kama ilivyozoea kufanya kwa maneno mengi ya Kibantu. Mzio, kabla madaktari hawajauchukua, ulikuwa ni mwiko wa chakula: kile ambacho nafsi fulani, ukoo fulani au mganga fulani amekikataza. Wazungu walilazimika kulitengeneza neno lao la aleji mwaka 1906, Clemens von Pirquet wa Vienna akiunganisha vipande vya Kigiriki. Sisi letu lilikuwa mdomoni tayari, na lilikuwa na wazo ambalo lao halikuwa nalo, kwamba katazo la mwilini huenda kwa koo na si kwa kitu kimoja kimoja. Kamba, senene na mende wana muziro mmoja. Sidai kwamba wazee wetu waliijua tropomiosini. Mtu asije akaninukuu hivyo. Nasema tu kwamba mama yangu, aliyeishia darasa la nne, alilielewa duara la yule daktari haraka kuliko mimi.

Wenzangu wa chuoni walioisikia habari hii walinipa pole na kuongeza, nusu kwa utani, kwamba haya ni maradhi ya watoto wa Masaki. Dhana hiyo imeenea na inapotosha. Shemeji yangu anaishi Mbagala, chumba na sebule, familia ya watu sita, jikoni ni kona ya sebule yenye pazia. Choo ni cha shimo, takataka hukaa siku kadhaa zikingoja gari, na ukuta una unyevu tangu mvua za masika. Mwanawe ana pumu kama wangu. Mende wa Mbagala hawajui kwamba mzio ni ugonjwa wa kitajiri. Marekani walilijua hili zamani: uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 1997 juu ya watoto wa pumu wa mitaa maskini ya miji yao ulikuta zaidi ya theluthi moja wana mzio wa mende, na waliokuwa na mzio huo huku wakilala katika vyumba vyenye mende wengi ndio waliolazwa hospitali mara nyingi zaidi. Nani anafuga mende ni swali la nyumba, la maji taka, la kodi ya pango na la ratiba ya gari la taka. Yaani ni swali la halmashauri kabla halijawa la daktari.

Mtoto wa Masaki ana tofauti moja kubwa: akivimba, kuna mtu atakayelitambua tatizo. Wa Mbagala huambiwa amekula kitu kibaya, au ana minyoo, au kuna mtu amemtazama vibaya.

Na minyoo nayo ina sehemu yake katika shauri hili. Niliporudi kwa daktari nilitaka mtoto apimwe damu kwa kila kitu, orodha ndefu, nipewe jibu lenye muhuri. Akanitahadharisha. Kipimo cha IgE hueleza kile ambacho damu inakitambua, hakielezi kile kitakachomdhuru mtu. Kingamwili hiyo hiyo ndiyo mwili huitumia dhidi ya minyoo, na katika nchi zetu wengi wetu tunayo tele. Tropomiosini ya minyoo ya tumbo yenyewe imeonekana kufanana na ya utitiri na ya mende. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta watoto wengi wa shule ambao damu yao ilionyesha kingamwili dhidi ya karanga, na watoto hao wanazila karanga kila siku bila hata kukohoa. Watafiti wakahusisha jambo hilo na kichocho. Mzazi wa Dar es Salaam mwenye fedha za kupima lakini asiye na wa kumfafanulia majibu anaweza kumnyima mtoto wake karanga, maharage, samaki na ngano, akamdhoofisha kwa karatasi. Historia ya mgonjwa, alisema yule mama, ndiyo kipimo cha kwanza: alikula nini, baada ya muda gani, nini kilitokea, na mara ngapi.

Basi nimeanza, kwa tabia mbaya ya wanataaluma, kuchora ramani ya koo za hapa kwetu. Korosho za kule Mkuranga zinauzwa barabarani hadi Mbagala Rangi Tatu. Mkorosho na mwembe ni mimea ya jamii moja, na utomvu wa ganda la korosho unaowaunguza wabanguaji mikono una ndugu yake katika utomvu wa ganda la embe. Ajabu ni kwamba mwenye mzio wa korosho kwa kawaida hula nyama ya embe bivu salama, lakini asithubutu kugusa pistachio. Undugu wa mimea ni dalili tu. Kinachoamua ni sura ya protini yenyewe. Kinyume chake ni mpira wa glavu. Muuguzi aliyepata mzio wa glavu za mpira anaweza kuwashwa na ndizi, parachichi au papai, mimea isiyohusiana na mpira hata kwa mbali, na imeripotiwa kwamba muhogo nao umo. Huyu wa mwisho walau ni jamaa wa mpira kwa ukoo. Mwenye mafua ya chavua ya nyasi huweza kuwashwa mdomo kwa tikiti maji au nyanya, na mara nyingi hilo ni dogo, la aina ya tufaha langu. Kwa mwanangu, samaki hawamo kabisa katika ugomvi huu, maana mzio wa samaki hutokana na protini nyingine: changu anakula, kibua anakula. Pweza na ngisi tumeambiwa tuwaache. Dagaa wa baharini ni wa kuchambua kwa macho, maana humo hujichanganya uduvi, na uduvi ni kamba hata akiwa mdogo kama ukucha.

Nani atamwambia hayo mama lishe? Chipsi za mtaani hukaangwa katika mafuta yaliyopitiwa na kila kitu tangu asubuhi. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umekuwa mikononi mwa TBS, na kwa bidhaa za kiwandani tunayo angalau orodha ya Codex ya vyakula vya kutajwa kwenye pakiti, ambayo jamii ya kamba imo. Mdudu hayumo. Wakati huo huo Umoja wa Ulaya, ambao wananchi wake wengi wangeona kinyaa hata kumtazama senene, ulipoanza mwaka 2021 kuruhusu nzige na wadudu wengine kuuzwa kama chakula, ulimlazimisha muuzaji kuandika kwamba bidhaa hiyo inaweza kumdhuru mwenye mzio wa jamii ya kamba, wa jamii ya pweza na chaza, au wa utitiri wa vumbi. Walioanza juzi wameandika onyo. Sisi tuliokula kwa karne nyingi tunawauza kwenye vifuko vya nailoni pale stendi, na vifuko havisemi neno. Siombi sheria ya kumsumbua mama anayeuza senene; tunajua sheria za namna hiyo hutumiwa na nani, saa ngapi, na kwa bei gani. Ningeridhika na sentensi moja kwenye kadi ya kliniki ya mtoto mwenye pumu.

Ninachokiomba kwa sauti ya juu ni lile kabati. Adrenalini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni dawa ya zamani, ni kichupa kidogo cha kioo kisicho na gharama kubwa. Kipimo chake ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mwili, sindano ya msuli, upande wa nje wa paja, mapema. Dawa za kupunguza mwasho na zile za kutuliza uvimbe, ambazo kila zahanati inazo, ni wasaidizi. Hazifungui koo linaloziba. Dawa ya dharura iliyofungiwa kwa ufunguo ulio nyumbani kwa mtu ni takwimu tu ya kujazia fomu ya ukaguzi. Natamani mkaguzi mmoja aje saa nne usiku badala ya saa nne asubuhi.

Kalamu za sindano, zile ambazo mtoto wa Ulaya hutembea nazo shuleni, sikuzipata katika famasia yoyote niliyozunguka, Tegeta hadi Kariakoo. Daktari wetu alituandikia vichupa viwili na mabomba madogo ya sindano, akatukalisha mimi na mke wangu, akatufundisha kuvunja shingo ya kichupa na kuvuta hadi alama ya mililita 0.3. Tulifanyia mazoezi kwenye chungwa. Mke wangu aliweza mara ya kwanza. Mimi nilivunja vichupa vitatu vya maji. Sasa viko kwenye kopo la biskuti, mahali pasipo na joto, na mtu yeyote anayelala nyumbani kwetu huonyeshwa kopo kabla hajaonyeshwa choo.

Godoro tumelifunika kwa plastiki chini ya shuka, mashuka tunafua kwa maji ya moto kila Jumapili, mapazia mazito tumeyatoa. Vita ya mende inaendelea, na sina habari njema ya kutangaza kutoka uwanjani.

Aprili, msimu mdogo wa senene ulipofika, mama hakutuma kitu. Alituma Mei: mkungu wa ndizi, kahawa ya kutafuna, na ndani ya ndoo ile ile ya miaka yote, iliyosuguliwa hadi ikapauka, alijaza maharage. Alimpigia simu mjukuu wake mwenyewe. Sikusikia walichozungumza, ila jioni nilimsikia mtoto akimwambia rafiki yake getini kwamba yeye hali kamba wala senene kwa sababu ni muziro wake. Yule rafiki akauliza muziro ni nini. "Ni kitu cha Bukoba," akajibu, na wakaendelea na mpira.

Jumatatu nina miadi na mwalimu mkuu wa shule yake. Nitakwenda na kopo, karatasi yenye lile duara, na machungwa mawili.